Siku Basi Lilipotufia Nangurukuru

Basi lilitufia Nangurukuru alasiri moja ya mwezi wa saba, mwaka 2007. Halikufa kwa kishindo. Tulikuwa tumeshapita pabaya pote, zile kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga ambazo siku hizo hazikuwa na lami, na abiria tulikuwa tumeanza kupumua. Kina mama wanapangusa vumbi kwa ncha za kanga, wanaume wanatafuta viatu vyao chini ya viti. Dereva akasimama njia panda watu wachimbe dawa na kununua korosho. Alipotaka kuondoka, gari likakataa. Utingo akaingia uvunguni, akatoka na mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Difu imekufa. Spea iko Dar es Salaam, itakuja na gari la kesho.

"Ndugu abiria, tuvumiliane," konda alisema, amesimama mlangoni. "Kabla ya kesho saa nane mchana hatutoki hapa."

Palizuka maneno, na watu walikuwa na haki. Mama mmoja alikuwa anawahi mazishi Masasi. Tukamtafutia lifti ya lori na kumpandishia mizigo. Wengine walitandika mikeka chini ya mwembe. Mimi nilikuwa nakwenda Lindi kumsalimia bibi yangu, mama mzaa mama, maana shule zilikuwa zimefungwa. Begi langu lilikuwa na nguo chache, sukari kilo mbili na doti tatu za kanga nilizomnunulia Kariakoo. Hapakuwa na kitu cha kunikimbiza ila hamu ya kumwona.

Kwetu, Nangurukuru ndiyo tuliyokuwa tukiiita Kilwa. Tangu utoto wangu watu wazima walisema hapo, "Tumefika Kilwa," tukanunuliwa mayai ya kuchemsha, tukaondoka. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, enzi za pantoni ya Rufiji, kufika hapo tu kulikuwa jambo la kumshukuru Mungu. Mvua zikizidi watu walilala njiani siku mbili, tatu. Nani angekuwa na nguvu ya kuuliza Kilwa yenyewe iko wapi? Barabara kuu haiigusi. Kivinje iko kilomita chache upande wa baharini, Masoko kilomita 30 na ushei kutoka njia panda, na Kilwa Kisiwani, ule mji wa vitabuni, uko ng'ambo ya maji mbele ya Masoko.

Nami nilikuwa mwalimu wa historia. Miaka minne mfululizo nilikuwa nimeandika ubaoni: Kilwa, dhahabu ya Sofala, Ibn Battuta 1331, Wareno 1505. Nilikuwa nimesahihisha mamia ya majibu kuhusu mji niliokuwa nikiupita kila likizo, macho yangu yakiwa kwenye sinia la korosho.

Mwenye sinia ndiye aliyenisukuma. Alikuwa mama wa makamo, amekaa kwenye kigoda, akaniona nazunguka basi kama mtu aliyepotelewa.

"Baba, utakaa hapa mpaka kesho unatazama gari bovu? Hiace za Masoko zile pale."

Nikamshukuru, nikanunua korosho zake, nikapanda.

Njia ya Masoko ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani, na hilo liliniuma kidogo. Tulipita mikorosho, mashamba ya ufuta, nyumba za udongo zenye vibaraza vya miti, na watoto wanarudi na ndoo za maji kichwani. Jua lilikuwa linazama tulipoingia mjini. Nilipata chumba gesti, nikala wali na samaki kwa mama ntilie, nikalala nasikia bahari.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya Mambo ya Kale, kwa sababu huruhusiwi kuvuka kwenda kutazama magofu bila kibali. Kijana aliyeniandikia aliuliza jina, akauliza ninakotoka, akauliza kazi.

"Mwalimu."

Akainua kichwa. "Wa somo gani?"

"Historia."

Akanitazama kwa muda. "Karibu sana, mwalimu. Wazungu wanakuja. Walimu hawaji."

Hakusema kwa ubaya. Aligonga muhuri na kunipa karatasi kwa mikono miwili.

Mashua niliyopanda haikuwa ya watalii. Ilikuwa ya watu wa kisiwani wanaorudi kwao: mama mwenye gunia la unga, vijana wawili na bati za kuezekea, mzee mmoja na jogoo aliyefungwa miguu. Kutoka Masoko hadi kisiwani ni kama kilomita mbili tu, maji unayoweza kuyavuka kwa macho kabla hujapanda chombo. Lakini mwezi wa saba ni kusi, na kisiwa kiko kusini. Upepo ulitupiga usoni, ikabidi nahodha apige bisha, tanga huku, tanga kule, huku kijana anayefua maji akiinamisha kichwa kila foromali ilipopita. Kwa jinsi hiyo kisiwa hakikutujia moja kwa moja. Kilijitokeza upande wetu wa kulia, kikapotea nyuma ya tanga, kikajitokeza kushoto kikiwa kikubwa zaidi. Kila kilipotokea palikuwa na ukuta wa rangi ya mchanga kando ya maji, na kila mara nikaona kitu kipya ukutani: mnara wa pembeni, kisha matundu ya bunduki, kisha mlango.

Nilijua ni Gereza. Nilijua Wareno walijenga ngome hapo baada ya kuushambulia mji mwaka 1505, na kwamba hii tunayoiona ni kazi ya Waomani wa karne ya 19 juu ya msingi ule. Sikujua kuwa bahari imekwishaila. Upande wa majini ulikuwa umemomonyoka, mawe ya matumbawe yamelala ufukweni, na chokaa ndani ya ukuta ilikuwa wazi kama mfupa. Kisiwa hiki na Songo Mnara vimo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na mwaka 2004 viliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hiyo ndiyo hali niliyovikuta nayo. Wenyeji walishika kazi ya kuimarisha kuta na kupanda mikoko kuzuia mawimbi, na mwaka 2014 viliondolewa katika orodha ya hatari. Niliposoma habari ile nilisimama peke yangu chumbani kwa furaha.

Tulikunja suruali, tukashuka majini. Mzee aliyewekwa kuwatembeza wageni alikuwa ananingoja kivulini, kofia ya vito kichwani, fimbo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu." Habari ilikuwa imeshavuka kabla yangu, sijui kwa chombo gani.

Hakuanza na Gereza. Alianza na maji tuliyotoka kuyavuka. Akanisimamisha pale ufukweni, akanyoosha fimbo kuelekea Masoko, akasema zamani hapa palikuwa panavukwa kwa miguu, maji yakitoka. Mwenye kisiwa alikuwa mtu wa bara, mwindaji. Akaja mgeni kutoka Shirazi, na merikebu zake, akataka kukinunua. Mwenyeji akamwambia: kizungushie nguo. Nguo ikazungushwa ufukweni kisiwa kizima, mwenyeji akaikusanya akaenda nayo bara. Mgeni akajua mwenzake atarudi kwa vita maji yakitoka. Basi ikasomwa Kurani, ikatolewa sadaka, na bahari ikakataa kutoka. Tangu siku hiyo ni chombo tu.

Hadithi hii nilikuwa nimeisoma. Imo katika tarikh ya Kilwa, na mabingwa wa historia wameichambua sana. Wengi wao leo wanakubali kuwa mji huu uliota kutoka kwa watu wa pwani wenyewe, na kwamba Ushirazi ni nasaba iliyotafutwa baadaye kwa ajili ya heshima. Nami naliamini hilo. Lakini nilikuwa nimesimama na suruali yangu mbichi kwa maji yale yale, na mbele yangu fimbo inachora hewani njia ya ile nguo, kutoka Gereza, kuzunguka rasi, mpaka pasipofika macho. Nikawaza doti zangu tatu zilizobaki gesti. Nikawaza mtu anayekunja nguo ya kisiwa kizima, akageuka kutazama nyumbani kwake mara ya mwisho. Darasani sijawahi kumwaza huyo.

Magofu hayakai peke yake kule. Kijiji kiko ndani yake. Unapita uani kwa watu, unasalimia, unaona mwanamke anasuka ukili huku ameegemea ukuta wa karne ya 15, mbuzi wamelala penye kivuli cha mlango ambao nyumba yake haipo. Nilipewa togwa kwenye kata nyumba ya pili tu. Kisha mibuyu, kisha nyasi, na kisha mbele yetu Msikiti Mkuu.

Siwezi kuueleza kwa haraka. Sehemu yake ya kaskazini ilianza karne ya 11. Ile pana ya kusini iliongezwa karne ya 14. Ndani ya ile pana unatembea katikati ya nguzo zenye pembe nane, safu kwa safu, na juu yako ni kuba, nyingine zimesimama, nyingine zimeanguka na kuacha duara la mbingu. Mwanga unaingia kwa vipande. Niligusa nguzo moja, nikaona jinsi mafundi walivyochonga matumbawe yakiwa bado mabichi kutoka baharini, maana yakikauka yanakuwa magumu, kisha wakayapaka chokaa waliyoichoma wenyewe kutokana na matumbawe hayo hayo. Kwenye chokaa ya nguzo ile, chini kidogo ya bega langu, palikuwa na alama tatu za vidole. Mtu alilainisha, akaondoa mkono kabla haijakauka sawasawa. Nikaweka vidole vyangu. Vyake vilikuwa vyembamba kuliko vyangu.

Tukakaa kizingitini tupumzike, na hapo zamu ya kusimulia ikawa yangu. Nilimwambia mzee habari aliyoiandika Ibn Battuta. Mfalme wa wakati ule, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipaji, kwa jinsi alivyokuwa mtoaji. Ijumaa moja ametoka kuswali anarudi kwake, akakutana njiani na fukara kutoka Yemen. Fukara akamwomba nguo alizovaa. Mfalme akasema ndiyo, utazipata. Fukara akasema, sasa hivi? Mfalme akasema sasa hivi. Akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akamwita fukara aje achukue zake.

Mzee alisikiliza, kidevu juu ya fimbo.

"Nyumba ya khatibu," akasema. "Ilikuwa upande gani?"

Sikuwa na jibu. Miaka minne nimelisimulia jambo hili kwa watoto wa watu, na sikuwahi kuwaza kwamba nyumba ya khatibu ilikuwa na upande. Mzee akainuka. Akaanza kuzunguka msikiti kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha jana. Hapa hapawezi kuwa, alisema, hapa palikuwa pa kutawadhia, tazama birika. Hapa ukuta hauna mlango. Akasimama upande mmoja, kwenye msingi uliofunikwa na nyasi, akapiga chini kwa fimbo mara mbili. "Mimi ningekuwa khatibu, ningekaa hapa. Karibu na kibla." Akanitazama kama anayengoja nimsahihishe. Nikasema inawezekana sana. Na kweli inawezekana.

Ndipo akauliza: "Na yule fukara? Aliondoka na nguo?"

Hapa ndipo niliposimama, kwa sababu hadithi haiishii hapo, na darasani mimi nilikuwa naimalizia hapo. Nikamwambia yaliyobaki. Mtoto wa mfalme alizitwaa zile nguo kwa fukara akampa badala yake watumwa 10. Mfalme aliposikia watu wanamsifu, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Mzee akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Watu 20, kwa kanzu."

Hatukusema zaidi. Tulipita Makutani, jumba la masultani wa karne ya 18 na kuta zake ndefu, na safari hii mimi ndiye niliyekaa kimya, kwa sababu nilikuwa nakumbuka mwaka 1776, Mfaransa aliyeitwa Morice, na mkataba aliowekeana na sultani wa Kilwa wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Nilikuwa nimeupenda mji huu kwa mbali kwa sababu ya fahari yake. Ndani yake, fahari na machungu vilikuwa vimejengwa kwa chokaa ile ile, na sikutaka tena kumfundisha mtoto moja nikamficha la pili.

Kwenda Husuni Kubwa tulipita kando ya bahari. Mvulana mmoja alitufuata, akafungua kiganja: visahani viwili vya shaba vilivyoota ukungu wa kijani, si vikubwa kuliko kucha. Pesa za Kilwa. Mzee akamkemea arudishe ofisini, na mvulana akafunga mkono haraka, lakini nilikuwa nimeshaziona. Pesa ya namna hiyo, yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, ilipatikana Great Zimbabwe; na mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota pesa za Kilwa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. Sijawahi kuona kitu kidogo hivyo kikaenda mbali hivyo.

Husuni Kubwa ilijengwa na mfalme huyo huyo wa vipaji, juu ya mwamba unaotazama mlango wa bandari. Ina vyumba zaidi ya 100, na sehemu hazionyeshi kama ziliwahi kumalizika. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliichimbua na kuiandika vizuri, nami nilikuwa naijua ramani yake kwa moyo. Ila ramani haina upepo. Tulifika kwenye birika la kuogea, lile lenye pembe nane, lililozungukwa na ngazi na vijumba vya kukalia, na kusi ilikuwa inaingia kutoka baharini na kuzunguka ndani yake kama maji. Lilikuwa kavu. Sakafuni palikuwa na majani makavu na kinyesi cha mbuzi. Nikakaa kwenye kijumba kimoja, mgongo umeenea sawasawa, kama kilichongwa kwa kunipimia mimi. Mzee akakaa cha pili yake. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu, mimi nikiitazama saa na kukataa kuinuka.

Saa nane kasoro nilikuwa Nangurukuru, suruali imekauka kwa chumvi. Spea ilikuwa imefika. Mama wa korosho aliniona nashuka kwenye Hiace, akanyanyua mkono kutoka mbali. Gari likaondoka saa tisa, na Lindi tukaingia usiku.

Bibi alikuwa hajalala. Alikaa kwenye mkeka, taa ya chemli pembeni, nikampa salamu, sukari, na doti zake, naye akazipima moja moja kwa dhiraa, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama alivyofanya siku zote. Nikamweleza kilichonichelewesha. Nilimwambia yote: nguo iliyozunguka kisiwa, alama za vidole kwenye nguzo, fukara wa Yemen, watu 20. Bibi alikuwa na neno lake tangu nikiwa mdogo, "Sisi ni watu wa Kilwa," na mtu akiuliza Kilwa ipi, alibadili mazungumzo. Sisi wajukuu tuliamua wenyewe kuwa ni Kisiwani, kwa masultani. Nilidhani nimemletea habari za kwao.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya kanga.

"Na Kivinje ulifika?"

"Hapana, Bibi. Sikupata muda."

Nilikuwa najua Kivinje ni nini. Huko ndiko misafara kutoka Ziwa Nyasa ilikokuwa ikiteremkia baharini katika karne ya 19, na waliofika na misafara ile hawakuja kwa hiari yao. Naijua kwa tarehe. Nikamtazama, naye hakunitazama. Alizikunja doti zake tatu, akazipandanisha, akazisukuma kando ya ukuta.

"Bibi yangu mimi aliletwa pale," akasema. "Mdogo, meno hayajabadilika. Gari likikufia tena, nenda Kivinje."